Namchora bibi yangu mwenye chale na ndonya, mjomba kakasirika. Naombeni mawazo yenu watu wa Kusini

MjukuuWaKitangari

Habari zenu wadau, hasa nyie wa Mtwara na Lindi. Naomba mnisome mpaka mwisho maana ni ndefu kidogo.

Mimi ni mdada, nachora. Nipo Mtwara mjini, nina kibanda cha kuandika mabango na maandishi ya bajaji, hiyo ndo inanipa hela ya kula, ila picha zangu mwenyewe nachora usiku nikirudi nyumbani. Mama yangu alipofariki nilikaa muda mrefu silali, nikifumba macho namuona alivyokuwa siku za mwisho, amekonda, basi nikawa naamka nawasha taa nachora. Nilitaka kumchora yeye lakini uso haukuja kabisa, ukawa unakuja uso wa bibi, mama yake mama. Nikaona basi nianze na huyo anayekuja.

Bibi alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, upande wa Mueda. Wakakimbia vita vya Mreno wakaingia huku na mama akiwa mgongoni, wakaishia Kitangari. Alikuwa na chale usoni, kifuani na tumboni, na ndonya, kile kipande cha mti cha duara kinachovaliwa kwenye tundu la mdomo wa juu. Nikiwa mdogo nilikuwa napitisha kidole kwenye chale zake tukiwa tumekaa kubangua korosho, na yeye ananiacha tu. Alafu shuleni ndo nikaja kuitwa Mmawia, jina la kuwadharau Wamakonde wa ng'ambo, na mkimbizi, wanamcheka bibi mdomo, na mama sijui ni kwa ajili hiyo au vipi akaacha kabisa kuongea Kimakonde na sisi, nyumbani ikawa Kiswahili tupu. Kwahiyo lugha ya bibi naisikia nusu nusu, chale sina, na picha yake hata moja hatuna, iliyokuwepo ndogo ya kitambulisho iliharibika na mvua. Bibi aliyebaki ni huyu wa kichwani kwangu na kila mwaka naona anafutika.

Nimeshachora nyingi ila kubwa ni tatu. Kuna uso wa bibi na ndonya yake. Kuna nyingine wanavuka Ruvuma usiku kwa mtumbwi, mama ni kitambaa tu cha mgongoni huoni sura. Na kuna ya mimi mwenyewe, nusu ya uso ina chale za bibi, nusu haina kitu. Hii ya mwisho nikiichora nalia, ila nikiiacha nalala vizuri, mwili mwepesi kabisa.

Sasa shida. Mjomba, kaka yake mama, na nyie mnajua kwetu mjomba ndo mwenye neno, alikuja akaikuta picha ya bibi ukutani akakasirika kweli. Anasema hayo mambo tulishayaacha, bibi mwenyewe uzeeni alikuwa anafunika mdomo kwa kanga akipita mgeni, leo wewe unamuweka ukutani watu wamshangae. Akasema nikimweka mtandaoni nisimuite tena mjomba.

Naombeni mawazo, niendelee au niache? Na kuna namna ya kuchora chale zionekane ni chale kweli, maana kwa brashi zinatoka mistari ya kalamu tu? Na je mwanamke kuchora lipiko, kile kinyago cha ngoma ya jando (yakiwa mengi ndo mapiko), ni sawa? Kumbukumbu yangu nyingine kubwa ya Kitangari ni mapiko yanatoka na sisi wasichana tunakimbia.

VinyagoMwenge

Pole sana kwa mama, dada yangu. Mi ni mjukuu wa mchongaji, babu alivuka kutoka Mueda kuja kukata mkonge kisha akahamia Dar na mpaka leo ukoo upo Mwenge unachonga, kwahiyo ulichoandika kimenigusa sana.

Nianze na chale maana hapo nina la kusema. Ukiangalia mapiko ya zamani, yale ya mti mwepesi yanayovaliwa kichwa kizima, chale kwenye mengi hazikupakwa rangi, zilibandikwa kwa nta ya nyuki. Nta inalainishwa, inasokotwa nyuzi nyembamba, inabandikwa shavuni na kwenye paji la uso, ndo unaona mstari umeinuka. Hata nywele waliweka za mtu kweli. Kwahiyo dada usipake, inua. Chukua gundi nyeupe ya mafundi seremala changanya na unga laini wa mbao na rangi kidogo ya akriliki, tia kwenye kimfuko cha nailoni toboa kona, kamulia mstari juu ya shavu, acha ukauke kabisa ndo upake rangi. Ukimaliza utaweza kupitisha kidole tena. Na rangi yake isiwe nyeusi tii, chale zilisuguliwa mkaa wa mbegu za mbarika na ukikaa ndani ya ngozi unaelekea bluu ya giza. Kumbuka pia kila mchoro una umbo lake, kuna mistari ya kupinda pinda kama meno, kuna mnazi, mjusi, buibui. Jaribu kukumbuka bibi alikuwa na ipi wapi, hiyo sio pambo la kujazia nafasi.

La mjomba. Sisi Wamakonde hadithi ya asili yetu inasema kulikuwa na mtu peke yake porini, akachonga mwanamke wa mti akamsimamisha nje ya kibanda chake, usiku ukageuka mtu kweli akawa mke wake. Wakazaa mtoto karibu na mto, akafa. Wakapanda juu kidogo wakazaa tena, akafa. Wakapanda mpaka uwanda wa juu kabisa ndo mtoto wa tatu akaishi, na huo ndo ukoo wetu. Na wanaume wakisafiri walikuwa wanabeba kinyago cha mwanamke cha kuwalinda njiani. Sasa watu wenye hadithi hiyo, kumtengeneza mama aliyeondoka kwa mikono yako inakuaje jambo geni? Mwambie mjomba hivyo, ila kwa upole, yeye amefiwa na dada.

Lipiko hapo nitakuwa mkali kidogo. Zamani wanawake waliambiwa ule ni mzimu sio mtu, na siri ilitunzwa jandoni. Siku hizi mapiko yanachezwa mpaka kwenye tamasha la MAKUYA, la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, hapo hapo Mtwara na watu wanapiga picha kwa simu, kwahiyo ngoma ya uwanjani chora bila wasiwasi. Ya ndani ya jando waachie wenyewe. Chora ulichokiona wewe, wasichana wanakimbia na vumbi na uoga ule uliochanganyika na raha, hiyo picha hakuna mwanaume anaweza kuichora.

Mwana_Mikindani

Assalam aleykum dada, pole kwa msiba, Allah amrehemu mama.

Mjomba wako inawezekana kuna kitu hajakisema chote. Huku kwetu wengi ni Waislamu na wapo masheikh wanaokataza kabisa picha ya kiumbe mwenye roho, hasa kuitundika ukutani ndani ya nyumba inayoswaliwa, na wapo wanaoona ina mlango wake. Sitaki kutoa fatwa hapa. Muulize tu kwa adabu kama kinachomuuma ni dini au ni aibu ya watu, maana majibu yake hayafanani.

Kama ni dini, mbona njia ipo. Mafundi wa milango ya mji wetu hawakuchonga uso wa mtu, walichonga maua na minyororo na mawimbi na bado ukisimama mbele ya mlango unajua hii nyumba ni ya watu wa bahari. Mchore bibi bila uso. Kanga yake, mikono inabangua korosho na vidole vimebabuka na ile mafuta ya ganda, kinu, ungo, ndonya peke yake juu ya mkeka. Mimi ningeona picha ya vidole vile ningejua ni bibi wa Kusini bila kuambiwa.

Mtafutaji92

Dada changamkia fursa. Watalii wanakuja Mikindani kwenye ile Boma ya Mjerumani iliyogeuzwa hoteli, picha za kina mama wenye ndonya zitauzika vizuri tu, piga nyingi ndogo ndogo za kubebeka kwenye begi. Mjomba akiona hela atatulia.

Mchoraji_Temeke

Mtafutaji nakuelewa, hela inahitajika, ila kwa picha hizi nakataa. Mi nimelelewa kwenye uchoraji wa Tingatinga, mama yangu ni wa Masasi. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru jirani zetu hapo, 1968 akaanza kuchora kwenye mbao za silingi kwa rangi za mafuta zile za kung'aa, 1972 akafariki, miaka minne tu, na mpaka leo watu wengi wa Kusini wanaishi kwa njia aliyoifungua. Ni kazi halali na mi naipenda. Ila twiga ukimchora mara mia hadai kitu. Bibi anadai. Ukimchora bibi huyo huyo ndogo ndogo za kubebeka, baada ya muda utakuwa unachora ndonya tu, mtu hayupo.

Dada tafuta kazi za mchoraji Malangatana wa Msumbiji, amezaliwa 1936 amefariki 2011. Polisi wa siri wa Mreno walimfunga miaka ya 60, na vita aliyoichora ni ile ile iliyomkimbiza bibi yako. Picha zake zimejaa nyuso mpaka hakuna pa kupumua, macho, meno, kucha. Angalia hizo kabla hujaendelea na picha yako ya mtumbwi, sio ukopi, uone mtu anavyoweza kuweka uoga kwenye rangi bila kuchora bunduki. Na wa kwetu, George Lilanga, Mmakonde wa Kusini huku huku, mashetani yake yenye masikio makubwa yamezunguka dunia. Kisukari kilimfanya akatwe miguu na bado aliendelea na kazi mpaka alipofariki 2005. Ile picha yako ya uso nusu kwa nusu nayo ina ndugu mbali sana, Frida Kahlo wa Mexico alijichora 1939 akiwa wawili wamekaa pamoja wameshikana mikono, mmoja na gauni la Kizungu mmoja na nguo za kwao, mioyo ipo nje na mshipa mmoja unaiunganisha. Hakuchagua yupi ni yeye. Na wewe sioni kwanini uchague.

Kingine, umesema picha ya bibi huna. Mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akapiga picha nyingi za wenyeji, wakiwemo kina mama wenye ndonya na chale, na vitu alivyokusanya vipo makumbusho ya Leipzig. Nyingine ziko mtandaoni. Tena alikuwa anawapa wapagazi na wenyeji penseli na karatasi wachore, kwahiyo hii habari ya mtu wa huku kushika karatasi akachora kwao ina zaidi ya miaka mia. Zitumie kukumbuka mistari inavyokaa kwenye ngozi, ila usichukue uso wa mama wa watu ukauita bibi yako. Wale kina mama wengi kwenye maelezo wameandikwa kabila tu, jina hakuna, na hilo linaniuma kila nikiziona.

Vifaa: usihangaike na kanvasi ya bei. Nunua kitambaa cha amerikani, kaza kwenye fremu, paka gundi nyeupe iliyopunguzwa na maji, ikikauka paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani mikono miwili. Huko pwani adui ni unyevu na chumvi, nyuma ya fremu gongea vipande vya mbao ili picha isigusane na ukuta hewa ipite, la sivyo masika ukungu unakula yote. Ila ile ya chale za kuinuka usifanye kwenye kitambaa, kitambaa kinacheza na gundi itapasuka, hiyo fanya kwenye plaiwudi.

Nesi_Lindi

Mdogo wangu pole. Wenzangu wameongea sanaa, mi niongelee kulala.

Unachokifanya usiku kinajulikana na watu wa afya. Mchoraji mmoja wa Uingereza, Adrian Hill, alilazwa na kifua kikuu akawa anachora kitandani akaona kinamsaidia, akaanza kuwachoresha na wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 ndo akaipa jina hii tiba ya sanaa. Na 2016 Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwachukua watu wazima 39 wakawaacha wachore na kufinyanga kwa dakika 45 wakiwapima mate kabla na baada, na kama robo tatu yao homoni ya msongo ilishuka, na hata wasiojua kuchora walifaidika. Kwahiyo mtu akikwambia unapoteza muda na rangi usimsikilize.

Ila nikwambie na upande wa pili maana nimeuguza watu. Kuchora hakubebi kila kitu. Kama usingizi unaendelea kukataa, kama unaona siku za mwisho za mama hata mchana ukiwa kazini, kama chakula hakipiti, nenda hospitali ya Ligula uulize watu wa afya ya akili, huku Lindi tungekwambia hospitali ya Sokoine. Sio ukichaa. Msiba wa mama ni mzito na wewe umeubeba pamoja na wa bibi. Na ile picha inayokuliza usiichore kila mara ukiwa peke yako usiku wa manane, ichore kuna mtu ndani ya nyumba, hata kama yupo chumba kingine amelala. Zamani matanga watu walikuwa wanalala pale pale kwa mfiwa, siku hizi wiki haijaisha kila mtu karudi kwake, na mfiwa anabaki na kuta.

MjukuuWaKitangari

Asanteni sana jamani, nimewasoma nimelia. VinyagoMwenge ile ya nta sikuwa naijua kabisa, kesho nanunua gundi. Nesi nimekusikia, dada yangu mkubwa atakuja kukaa na mimi.

Mtafutaji asante kwa kunifikiria riziki ila bibi siuzi. Labda mtumbwi.

Kilichobaki ni mjomba. Namwogopa na nampenda, ndo mzee pekee niliyebaki nae upande wa mama. Nikimpigia simu anaongea salamu tu anakata.

Mama_Tandahimba

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, mama yangu mzazi bado yupo hai na ana chale mpaka leo, ndonya aliitoa wakati nikiwa msichana. Nikusaidie kumuelewa mjomba.

Sisi tuliokulia kati kati ya hawa wazee na shule tulibeba aibu ambayo nyie wajukuu hamkuibeba. Tulikuwa tunawaambia mama zetu wasije shuleni siku ya wazazi. Kule ng'ambo vita vilipoisha, serikali yao mpya ilizikataza chale, huku kwetu misheni na madrasa na walimu wote walikuwa wanasema yale ni mambo ya giza. Mjomba wako alimuona mama yake anafunika mdomo. Inawezekana na yeye ndo aliwahi kumwambia afunike. Ukimtundikia ule uso ukutani bila kumwambia, unategemea nini?

Usimpigie simu. Panda gari uende Kitangari. Beba picha ambayo haijaisha, acha mashavu matupu, mfunike bibi mdomo kwa kanga kama alivyopenda mwenyewe, umkabidhi mjomba kalamu au kijiti umwambie mjomba mimi nilikuwa mdogo sikumbuki vizuri, bibi alikuwa na mchoro gani hapa? Usiongee habari ya mtandao, usiongee habari ya sanaa. Muulize habari za mama yake. Na nenda na chochote mkononi, sukari, sabuni, usiende mikono mitupu.

Mwana_Mikindani

Mama umesema kweli kabisa.

MjukuuWaKitangari

Wadau narudi na majibu maana mlihangaika na mimi.

Nimeenda Kitangari na plaiwudi nimeifunga kwenye shuka. Mjomba aliikalia kimya muda mrefu, mkewe akawa anatengeneza chai, kisha akaomba mkaa jikoni, kalamu hakuitaka, akaanza kuchora mwenyewe shavuni. Meno ya kupinda yalipaswa kuanzia pembeni ya jicho kushuka, na kidevuni kulikuwa na kitu ambacho mimi sikuwahi kukiweka, mistari miwili mifupi, akasema hiyo bibi alichanjwa baadae akiwa ameshazaa. Alafu akaanza kuhadithia mtumbwi. Kumbe yeye alikuwepo, mdogo wa miaka kama saba hivi, yeye ndo aliyekuwa anamziba mama yangu mdomo asilie ili wasisikike. Mama hajawahi kunihadithia hilo, sijui kama alijua. Kwahiyo ile picha ya Ruvuma naichora upya, kuna mkono wa mtoto lazima uingie.

Dini alisema ipo kidogo ila kubwa ni watu kucheka. Tumekubaliana hivi: uso wa bibi hautoki nje ya ukoo na hautaenda mtandaoni, kwahiyo msiniombe picha hapa tafadhali. Na utakaa kwake, sio kwangu, chumba cha ndani sio sebuleni. Picha ya mtumbwi naruhusiwa kuionyesha popote. Ya kwangu ya nusu kwa nusu alisema hiyo ni sura yako fanya unavyotaka, ila ameomba nisizikose tena zile mbili za kidevuni.

Swali la mwisho kwa Mchoraji_Temeke, ule mkaa wa jikoni aliouchora mjomba sitaki kuufuta, nataka ubaki chini ya gundi uonekane. Nifanyeje usichafuke nikipaka juu yake?

Mchoraji_Temeke

Usiupake kitu kwa brashi kwanza, utausukuma wote. Nunua vanishi ya kupuliza ya kopo, isiyo na rangi, simama mbali hatua moja, puliza kidogo sana, acha ikauke, rudia mara tatu nne. Ikishika ndo uweke gundi yako ya chale pembeni kidogo ya mstari wa mkaa, sio juu yake, ili vyote viwili vionekane. Jaribu kwanza kwenye kipande kingine cha plaiwudi na mkaa huo huo. Na fanyia nje, hiyo harufu ndani ya chumba sio nzuri kwa kifua.

Ukimaliza ya mtumbwi niambie, nitakusindikiza Nafasi, kile kituo cha sanaa pale Mikocheni Dar, tuwaonyeshe.